Gavana wa Gari la Mikate

Nyuma ya gari letu la mikate kuna duara lililopakwa rangi, na ndani ya duara kuna namba themanini. Kwa miezi minne nililiosha duara hilo kila Jumapili baada ya misa bila kulisoma. Nilijua lipo, kama mtu anavyojua ana kisogo.

Aliyenisomesha ni askari wa trafiki, karibu na Awendo. Nilikuwa nimetoka Rongo, kreti tupu, barabara imenyooka, nami nilikuwa nimejiridhisha kwamba gari dogo ni gari dogo na sheria za malori zinawahusu wenye malori. Akanisimamisha na kile kimashine chao cha kupimia mwendo.

"Mzee, tisini na nne ulikuwa unaenda wapi?"

"Hii ni kama gari ya nyumbani tu, afande."

"Gari ya nyumbani hubeba nani?"

"Watu."

"Na hii imetoka kubeba nini?"

"Mkate."

"Sasa mkate iko na haraka gani? Enda huko nyuma usome gari yako. Kwa sauti."

Nikazunguka, nikasoma. Wanawake waliokuwa wakiuza miwa kando ya barabara wakaitikia "Themanini!" kwa pamoja kama darasa la kwanza, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilikasirika, sikatai. Mimi ni mtu wa kukasirika upesi na kutulia polepole, na siku hiyo nilitulia nilipofika nyumbani.

Kabla ya hapo, lakini, askari alinipa somo zima. Gari la mtu binafsi, kwenye barabara kama ile, mwisho mia moja. Gari la mizigo, hata liwe dogo namna gani, hata likibeba maandazi, mwisho themanini. Na mkiingia senta za biashara, nyote hamsini, uwe mbunge au muuza mkate. Alisema kinachotazamwa si umbo la gari, ni kazi yake. Akaniacha niende na onyo, na wanawake wa miwa wakanipungia mkono.

Mke wangu, ambaye ndiye mwenye tanuri na mwenye neno la mwisho, hakuridhika na onyo. Alinipeleka mimi na gari kwa fundi mjini Migori tukafungiwe kile kifaa cha kuzuia mwendo. Fundi alisema hivyo hasa ni vya matatu na malori mazito, gari letu lingeweza kuishi bila. Mke wangu akamjibu kwamba gari lingeweza, ila dereva hawezi. Kifaa hicho hapa kila mtu hukiita spidi gavana, na mwenye haraka husema gavana tu. Ukishafika themanini, kanyaga utakavyo, gari halikusikii.

Neno hilo, gavana, ambalo kwetu pia ni cheo cha mkuu wa kaunti, ndilo lililonitia matatani na mama mkwe.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha, mke wangu ni Mjaluo wa Sindo. Mama mkwe hajui Kikuria hata chembe, na Kijaluo changu ni cha kuuzia mkate, kwa hiyo tunakutana kwenye Kiswahili, ambako sote wawili ni wageni. Tena hatukutani sana. Kwetu mtu akimwona mama mkwe njiani huchepuka, na kwao mkwe haketi karibu naye wala hali chakula akitazamwa. Tulikuwa tumeheshimiana hivyo kwa miaka kumi na tisa, kwa umbali mzuri, salamu zikipita kwa mke wangu.

Ijumaa moja heshima hiyo ilibidi ikae kiti cha mbele. Nilikuwa nimepeleka mkate Sindo, na wakati wa kurudi nilitakiwa kumleta mama mkwe kwetu Migori. Si kwa matembezi. Yeye na dada yake mdogo, anayeishi Migori, walikuwa hawajasemezana miaka sita. Siku ya kumzika mama yao, yule mdogo alifika kaburi limekwisha kufukiwa, kwa sababu lori lilikuwa limekwama njiani na kuziba barabara. Mama mkwe hakungoja habari za lori. Alimwambia mbele ya waombolezaji wote, "Wewe hata kwa mama unachelewa." Dada akageuka, akarudi alikotoka, na ikawa basi.

Mke wangu alibembeleza pande zote mbili mwaka mzima, akapata jambo moja wanalokubaliana. Wote ni Waadventista. Wangefungua Sabato pamoja, mezani kwetu, Ijumaa kabla jua halijazama. Wako wengi wa kanisa lao ambao hawaoni tabu kumalizia safari giza likiingia, lakini mama mkwe si wa hao. Jua likizama Ijumaa, alipo ndipo anapobaki mpaka Jumamosi jioni. Kama lingemkuta njiani angeshuka papo hapo, na dada yake angekaa mezani akitazama kiti kitupu. Na yule dada, kwa jinsi ninavyomjua, asingekaa meza hiyo mara ya pili.

Tuliondoka Sindo saa saba mchana, tuna muda wa kutosha na wa kusaza. Alikuwa amejibana kwenye mlango, mkoba ameuweka katikati yetu uwe mpaka. Nilitazama barabara, naye akatazama ziwa. Tulikuwa tumeipita Mbita kitambo aliposema neno la kwanza.

"Baba, gari iko mgonjwa?"

"Hapana, mama. Iko sawa."

"Mbona hata hiyo ndogo imetupita?"

"Ni gavana, mama. Gavana amekataa tupite themanini."

Akafikiri kidogo.

"Gavana yetu? Ya Homa Bay?"

Hapo ndipo ningesema ukweli, na ungechukua nusu dakika. Lakini fikiria mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kutaniana na mama mkwe wake, halafu utani unamjia wenyewe mpaka mdomoni.

"Ndiyo, mama. Huyo huyo."

"Na ya Migori amesema ngapi?"

"Ah, yule wetu ni mtu wa haraka."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu ambaye siku zote alishuku jambo hilo kuhusu watu wa Migori. Nilicheka kimoyomoyo mpaka tukaingia Homa Bay.

Kumbe mwenzangu alikuwa anapiga hesabu. Pale mjini nilikuwa na kreti za kukusanya, naye akasema anaingia dukani mara moja kumnunulia dada yake leso ya kujifunga. Nikamaliza kreti, nikangoja. Nikamkuta duka la tatu, leso zimefunuliwa mpaka sakafuni, mwenye duka ametoa macho. Alitaka ya buluu, lakini si buluu yoyote. Alitaka ile buluu aliyokuwa akijifunga mama yao. Nilisimama mlangoni, kwa umbali wa heshima, nikamkumbusha kwamba jua halitungoji.

"Wacha wasiwasi," akasema bila kugeuka. "Tukivuka kwa gavana yenu, si tutakimbia?"

Nilifungua mdomo kueleza, na mwenye duka akashusha leso nyingine, na mama mkwe akainama, na mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu za mvi, nikaona haya kusema nilimdanganya. Nikajiambia nitasema tukiwa garini. Garini nikajiambia nitasema tukifika Rodi. Leso ilikuwa imepatikana katika duka la tano, na jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa ziwa.

Tulipoingia Rongo akauliza, "Hapa ni Migori?"

"Kaunti ni ya Migori, ndiyo."

"Haya." Akashika mkoba vizuri. "Sasa kanyaga."

Nikalisimamisha gari kando ya barabara. Nikamweleza, macho yangu yakiwa kwenye usukani: kwamba gavana ni kifaa kidogo chini ya gari, kwamba hakipigiwi kura, kwamba themanini ni themanini Homa Bay na ni themanini Migori, na kwamba kutoka hapo tuna Awendo na Uriri za kupita kwa hamsini, na matuta. Nilisema nilikuwa natania. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata mbele ya wauza miwa.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alisema taratibu tu, "Mimi ndiye nilimwambia yeye huchelewa."

Nilishuka nikampigia mke wangu simu, nikamwambia yote. "Umemdanganya mama yangu na gavana?" aliuliza, halafu akakata. Nikarudi garini na wazo ambalo kila dereva analo akilini. Nilimwambia mama mkwe kwamba kuna waya, ukiuchomoa gavana analala, na tungefika jua likiwa bado juu ya miti.

"Hiyo ni halali?"

"Hapana, mama."

"Sasa nianze Sabato na kitu ya kuficha?" Akatazama mbele. "Enda na hiyo themanini yako."

Nilienda nayo. Kabla ya Awendo tukawa nyuma ya trekta la miwa lenye matrela mawili, na kila nilipochungulia nafasi ya kulipita, kulikuwa na gari linakuja. Tulitambaa nyuma ya miwa, ikidondoka mmoja mmoja barabarani. Mama mkwe alikuwa amefunua leso mapajani na anaikunja upya, anaikunja na kuifunua. Nilitamani aniseme. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote, na sikuwa na namna ya kumwambia, kwa lugha yoyote kati ya zile tatu.

Uriri tuliingia kwa hamsini. Jua lilikuwa limegusa mahindi.

"Simamisha," akasema.

"Mama, imebaki kidogo tu."

"Simamisha, baba. Hapa hakukosi mtu wa kanisa atanipa kitanda."

Akashuka na mkoba na leso yake. Mimi nikaenda kusimama nyuma ya gari, kwa heshima na kwa aibu, nikatazamana na namba yangu. Kipande cha jua kilikuwa bado kinaonekana, chekundu.

Bodaboda iliyotoka upande wa Migori ilipunguza mwendo, ikakata kona, ikasimama mbele yetu. Nyuma ya dereva alikuwa amekaa mama mzee, upande upande, kitambaa cheupe kichwani, hotipoti ya chakula ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Mke wangu alikuwa amempa yule dada habari zote, naye hakusubiri gari wala ushauri. Alishuka taratibu, akanyoosha magoti, akaweka hotipoti juu ya jiwe. Kisha wale wawili wakasimama wakitazamana, na hakuna aliyekuwa na umri wa kukimbilia mwenzake.

"Adeko, nyamera," mama mkwe akasema. Hicho Kijaluo nakijua. Nimechelewa, dada yangu.

Akanyoosha ile leso ya buluu. Dada yake aliitazama, akaitambua, akaipokea na kuiweka shavuni. Halafu akatazama jua lilipokuwa, akatazama gari, na mwisho akanitazama mimi, niliyejificha nyuma ya duara langu. Akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Si wewe," akasema. "Ni gavana."