Nilivyotangaza desktop ya mama imekufa, Othaya

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Niliyo nayo leo haichekeshi sana, lakini ni ya kweli, na mwenye kutaka kubisha atanikuta hapo chini.

Nianze kwa kukiri. Kwa miaka mingi nimekana kwamba najua kufungua kompyuta. Ofisini nakana. Kanisani nakana. Shemeji yangu akiniletea CPU yake kwenye buti la gari namwambia mimi ni mtu wa insha, nikiona waya natetemeka.

Ni uongo. Najua kuifungua na kuifunga. Bisibisi yangu iko kwenye droo ya vijiko.

Juzi member mmoja humu aliuliza kwa nini desktop yake haiwaki. Karibu wote mlimjibu anunue power supply, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Nilisoma nikaweka simu chini. Nimerudi kwa sababu mimi pia nilinunua power supply.

Mama yetu aliishi Othaya, juu ya kilima chenye majani chai pande zote, peke yake tangu baba afariki. Tulizaliwa wawili. Mimi niko Nyeri mjini. Ndugu yangu mdogo, Ndiritu, alienda Amerika akiwa kijana, visa ikaisha, akabaki. Wenye watu huko mnajua hesabu yake: mtu kama huyo akitoka Amerika, hawezi kurudi huko tena. Na tayari alikuwa na mke na watoto huko.

Basi aliniomba ninunue desktop, tukaiweka sebuleni kwa mama pamoja na kamera na modem, ili kila Jumapili baada ya kanisa waonane kwa video.

Mama aliifumia vitambaa. Kimoja cha skrini, kingine cha CPU, vyeupe vyenye maua ya kijani. Mgeni akiingia angedhani ni madhabahu. Na siku ya Jumapili hakuvua kilemba cha kanisa mpaka amalize kuongea na Ndiritu.

"Siwezi kuonekana Amerika kama mtu ametoka kukama ng'ombe," alisema.

Nilimfundisha mwenyewe. Bonyeza hapa, ngoja, bonyeza pale. Nikamwonyesha hata ile swichi ndogo ya power supply iliyo nyuma ya CPU, nikamwambia hiyo asiiguse kamwe, ikizimwa mashine yote inakuwa jiwe. Mama alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyodhani.

Kisha mwaka mmoja, mwezi wa saba, Ndiritu akanipigia.

"Dada, mama amepotea. Jumapili baada ya Jumapili naangalia skrini tupu. Nikimpigia simu ananiambia ati radi ilipiga kompyuta. Hebu enda uone."

Sasa nisimame hapa kidogo nijicheke. Mwezi wa saba huku kwetu hakuna radi. Kuna ukungu, manyunyu na pua zinazotiririka. Mtoto yeyote wa Nyeri anajua hilo. Mimi nilikuwa na digrii, kwa hivyo sikufikiria hali ya hewa. Nilifikiria motherboard.

Nilimkuta mama jikoni karibu na moto, amevaa sweta mbili na koti la baba juu yake. Nikaona ni baridi.

Nikatoa vitambaa, nikapiga magoti. Soketi: nilichomeka redio, ikaimba. Waya: nilibadilisha na ule wa skrini, kimya. Nikafungua CPU, nikanusa kama kuna harufu ya kuungua. Ilinuka vumbi na moshi wa kuni, harufu ya nyumba yenyewe. Nikachomoa RAM, nikaisugua kwa raba ya penseli, nikairudisha. Kimya.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

"Si ulisomea university?"

"Nilisomea fasihi, mama."

"Na hiyo fasihi haikuwa na masomo ya waya?"

"Haikuwa."

"Basi wacha ipumzike, mami," mama akasema. "Hata mashine huchoka."

Sikuiacha. Kuna jaribio la mwisho, wenye kujua mnalijua: unachukua kipande cha waya, unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya power supply. Feni yake ikizunguka, iko hai. Haikuzunguka. Nikainuka, nikapangusa magoti, nikatangaza kama daktari wa wodi: power supply imekufa. Radi kweli.

"Si nilikuambia?" mama akasema, haraka mno.

Nikaichomoa nikaenda nayo Nyeri. Nikanunua nyingine. Kabla ya kurudi Othaya, nikiwa mezani kwangu na chai, nikataka kuijaribu ile ya zamani mara ya mwisho. Kiburi tu, nilitaka kuona nilivyopatia. Nikaichomeka, nikaweka kile kipande cha waya. Kimya. Nikaigeuza.

Swichi ya nyuma ilikuwa imezimwa.

Wakuu, nilikuwa nimeangalia kila kitu isipokuwa kitu cha kwanza. Hakuna mtu mzima anayeanza na swichi, ni kama kumuuliza mgonjwa kama anapumua. Nikaibonyeza. Feni ikazunguka vizuri kabisa.

Nikajilaumu kwanza. Labda niliizima wakati wa kufungua skrubu. Lakini mashine ilikataa kuwaka kabla sijagusa skrubu yoyote. Na nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu, ambaye nilimwambia kwa mdomo wangu swichi ile inafanya nini.

Kesho yake nilirudi Othaya na zote mbili kwenye mfuko. Nikaweka ile ya zamani juu ya meza ya jikoni.

"Mama, hii ni nzima."

Hakubisha. Alivua koti la baba. Akavua sweta ya juu, na ya pili. Akavua kilemba.

Sijui niandikeje. Shingo ilikuwa kama ya mtoto. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama chini ya blauzi kama hanga ya nguo.

Ilikuwa ugonjwa wa tumbo, ule usiopona. Hospitali walishamwambia. Wanawake wa kanisa walijua, jirani alijua, pengine hata mtu wa maziwa alijua. Sisi wenye mama ndio hatukujua.

"Sauti yangu bado iko sawa," alisema. "Kwa simu mimi ni mzima. Lakini akiniona hivi atakuja. Namjua. Ataacha kila kitu apande ndege. Na akija, nani atamrudisha kwa watoto wake? Mimi?"

"Ana haki ya kujua, mama."

"Mtu aliye mbali haambiwi ugonjwa. Ataubeba peke yake huko, na hawezi hata kuleta kikombe cha uji."

Huku kwetu huo si uamuzi wa mama peke yake. Ukiwa na mtu ng'ambo, nyumba nzima hujifunza kumwambia kwamba mvua imenyesha na ng'ombe amezaa. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika insha ya kuucheka mtindo huo. Ilisifiwa.

Niliirudisha power supply ya zamani ndani ya CPU. Nikafunga skrubu zote. Nikaizima tena swichi, nikafunika na kitambaa cha maua ya kijani. Mama akakinyoosha pembe.

Nikamwambia Ndiritu imeungua.

Hakukubali upesi. Alisoma kwenye mtandao, akanipigia nikiwa kwa mama, kando ya kitanda chake.

"Dada, umejaribu RAM?"

"Nimejaribu."

"Waya mwingine?"

"Nimejaribu."

"Kuna swichi ndogo nyuma. Wanasema watu wengi husahau hiyo. Umeiangalia?"

Mama alikuwa amenikazia macho.

"Nimeiangalia," nikasema.

Akasema atanunua nyingine nzima. Nikampa sababu: maduka, stima, modem. Ni kazi rahisi kumdanganya mtu aliye mbali, anakusaidia kwa kutamani kuamini. Kisha mama akaichukua simu, akamweleza kwa sauti kubwa ya furaha jinsi mvua ilivyonyesha na jinsi binti yake wa university alivyoshindwa na sanduku.

Wiki hizo ndizo zilizobaki. Mama aliondoka kabla ya mvua ya mwezi wa kumi. Maneno aliyoniachia ya Ndiritu yalikuwa mafupi: asije, alee watoto.

Na hakuja. Alisikiliza mazishi kwa simu yangu, nimeinyoosha karibu na mhubiri mpaka mkono ukafa ganzi.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Kama hakuja kumzika, je, angekuja kumwona? Labda mama hakumjua mtoto wake, alimdhania tu. Labda tulimnyima uso wa mama bure. Tangu wakati huo, mtu akiniletea kompyuta isiyowaka nasema sijui. Sitaki kupiga magoti tena nyuma ya mashine ya mtu.

Somo nalitoa mapema, kwa sababu nikimaliza sitakuwa na hamu ya kuhubiri. Desktop ikikataa kuwaka, anza na swichi ya nyuma. Na ukiikuta imezimwa, usikimbilie kuiwasha. Uliza kwanza ni nani aliyeizima. Wenye ndugu ng'ambo, mngefanyaje? Niandikieni hapa chini. Mkinitukana nitasoma pia.

Sasa kuna simu moja sijaisimulia.

Miaka ilipita, Ndiritu akapata karatasi zake, akaja. Nilimpa funguo za Othaya. Aliomba aende peke yake, nami nikabaki Nyeri nikipika chakula ambacho hakuna aliyekiulizia. Nyumba hatukuwa tumeigusa. Sikukumbuka kompyuta. Au nilikumbuka, sijui.

Alasiri simu ikalia. Ni yeye. Hakusalimu. Nyuma yake nilisikia mlio mwembamba wa feni, na kitu kikikwaruza vumbi ndani yake.

"Dada. Si nilikuuliza kuhusu hii swichi?"

"Uliniuliza."

"Alikuwa amekonda?"

"Sana."

Feni ikaendelea. Nilimsikia akivuta kiti, kile cha mama, chenye mguu unaopiga sakafu.

"Kwa mazishi sikuona haja," alisema. "Mama angekuwa haniangalii."

Ule mguu wa kiti ukapiga sakafu.

"Lakini ningemwona amekonda hivyo, ningekuja."