Dawa ya Mgeni

Baba mdogo alikuwa fundi wa friji. Mjini kwetu kwenye baridi, ambako mbu ni wa kusikia tu, kila mtu alimwita Barafu. Akiwa amelala chali nyuma ya friji ya mtu, bisibisi mdomoni, angeanza kusimulia nyumba ya mama yake kule bondeni: ukuta wa chokaa, kisima, neti moja walimolala watoto wanne wakipigana mateke. Nilizipenda hadithi zile, hata alizotia chumvi. Leo natamani kuzisikia tena.

Alipoamua hatimaye kwenda kwao, baada ya miaka mingi, nilimwambia tupitie zahanati kwanza tupate dawa za kuzuia malaria. Akanipa simu yake, ukurasa wa mtandaoni umefunguliwa.

"Soma hapo, mwanangu. Aliyezaliwa bondeni hahitaji dawa. Damu yake inaijua malaria."

Nikasoma. Mwandishi hana jina, tarehe hakuna, na chini yake wanauza mabegi ya safari. Damu ikanichemka.

"Baba mdogo, huyu anatafuta wa kumuuzia begi, na wewe unamkabidhi roho yako?"

"Lakini hajakosea. Mimi si ni mtu wa kule?"

Hapo nikamwelewa, hasira ikapungua. Huyu ni mtu asiyefungua friji ya mteja kwa kubahatisha. Ila ukurasa ule ulimwambia neno alilotamani kuambiwa.

Zahanati alikwenda kwa shingo upande. Daktari alimweleza kwa upole kwamba kinga ya utotoni hupungua mtu akikaa mbali, na kwamba malaria ingeweza kumuua kama mgeni yeyote. Vidonge alitakiwa kuvianza kabla ya kuondoka. Akavitia mfukoni, na safari nzima ya basi, nami kando yake, hakugusa hata kimoja. Nilimsihi mpaka nikachoka, naye akawa ananionyesha vilima dirishani.

Dada yake alitupokea mlangoni mwa nyumba ile ile ya mama yao, akilia kwa furaha. Alimpapasa mashavu, akamcheka mvi, kisha akamshika mkono.

"Ingia, kaka yangu, ingia. Nimekutandikia chumba cha wageni."

Baba mdogo alikitazama kile chumba: kitanda kimoja, neti mpya, taulo lililokunjwa vizuri. Akaniomba maji. Alimeza kidonge, akaketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka.