Picha ya Mama na Mgeni wa Makumbusho

Watu wakisimulia historia ya makumbusho yetu ya sanaa hapa Tanga, mimi nanyamaza. Wanasema yaliasisiwa na mtu mmoja. Haya! Lakini chokaa ya kuta zile tuliipaka wawili, mimi na shoga yangu, katika nyumba aliyorithi kwa baba yake kule Ngamiani. Majirani walikuwa hawana mbavu. "Makumbusho gani haya, hayana hata upanga wa kale?" Tukawaambia ni ya picha za leo, za wachoraji walio hai. Wakacheka tena, kisha wakaingia.

Sebuleni nilitundika picha ya marehemu mama yangu. Mama hakukubali kupigwa picha maisha yake yote. Ile niliyomchora mwenyewe kwa rangi, ameketi barazani kwetu Moa anasuka ukili, ndiyo pekee yenye sura yake. Nikamwambia shoga yangu, "Hii naiweka kwako amana, si zawadi."

"We nawe! Kwani mama yako si mama yangu?"

Mwezi uliopita nikarudi kutoka kwa wajukuu Pangani, nikakuta ukuta mtupu. Msumari tu umebaki.

"Alikuja mgeni kutoka ng'ambo," akasema, hata kunitazama hanitazami. "Akaisifu, akarudi akaisifu tena. Mgeni akisifu kitu cha nyumba, utamnyimaje? Si aibu? Nikamfungia kwenye khanga akaondoka nayo."

Wallahi nilitaka kumzaba kofi. Ada hiyo naijua, nimelelewa nayo. Bibi yangu alivua bangili mkononi akampa mgeni aliyeisifu. Lakini bangili ilikuwa yake! Nikauliza huyo mgeni anapatikana wapi. Kesharudi kwao, na jina lake shoga yangu hakulishika. Sura ya mama imekwenda hivyo, na mimi siku hizi hata nikifumba macho siioni sawasawa.

Kwenye ukuta wa pili ilikuwepo picha aliyoichora shoga yangu mwenyewe, msitu wa Amani baada ya mvua. Ni nzuri, sitamdhulumu. Hakuna aingiaye asiisifu.

"Na hii?" nikamwuliza. "Hii mgeni wako hakuisifu?"

"Hakuiona," akasema. "Asubuhi ile, niliposikia anakuja, niliishusha nikaitia uvunguni mwa kitanda, nisije nikaikosa."