Firigisi ya Mkwe

Mama yangu hutoka Misungwi na kuku mzima kwapani. Akishakaa hataki hadithi za mtu, anataka tamthilia. Zile za kutafsiriwa, ambazo mtafsiri mmoja mwenye sauti ya kukwaruza huigiza kila mtu: bibi, polisi, hata mtoto mchanga.

Jumapili hiyo tulikuwa watatu sebuleni kwangu Buswelu: mama, mimi na mwenzangu muuza vitenge. Mama alimjua kama binti mwenzangu ninayechangia naye kodi tu. Mimi nilimpenda, na nilikuwa na hofu moja: mama akijua, hatakanyaga tena kwangu.

Kwenye tamthilia walikuwapo wapenzi wawili, wote wanawake, mmoja kanyoa kichwa na kuvaa suruali. Mtafsiri alishikwa na haya. Mwanzoni aliwafanya ndugu. Walipoanza kukumbatiana, undugu ukamshinda, akamgeuza yule wa suruali kuwa mwanaume: "Jamaa anamwambia mkewe, nimekumisi sana!" Jamaa mwenyewe kavaa hereni na kapaka rangi ya mdomo. Nilicheka hadi machozi. Mwenzangu akanikanyaga mguu ninyamaze.

Mama hakucheka.

"Muongo huyu," alisema. "Huyo ni mwanamke, na mwenzake ni mwanamke. Wanapendana. Kwani anaogopa nini kusema?"

"Hao ni watu wa ughaibuni, mama," nikajibu haraka.

"Ughaibuni ndiyo wapi? Macho ninayo."

Akaenda zake jikoni kuepua kuku wake.

Kwetu firigisi haiguswi ovyo. Ilikuwa ya baba, na tangu afariki hupewa mkwe, mume wa dada yangu. Mimi sikuwahi hata kuionja. Siku hiyo mama alipopakua, aliiweka kwenye sahani ya mwenzangu. Kisha akanitazama mimi na kichwa changu kilichonyolewa, akamtazama mwenzangu na kitenge chake, akaguna. Alichukua kisu, akaikata katikati, kipande kimoja akanitupia mimi.

"Hapa sioni mume," alisema. "Gawaneni. Na huyo mtafsiri wenu aje nimfundishe."

"Asante, mama," mwenzangu alisema.

"Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Ilikuwa ngumu, kuku mwenyewe alikuwa mzee. Tuliitafuna muda mrefu, tunacheka na midomo imejaa.