Kichwa Changu, Ushuhuda Wangu na Bima ya Watoto

Mwanangu, siku Ndugu Musa alipokuja dukani kwangu kuniuzia bima ya maisha naikumbuka vizuri, hata rangi ya uzi uliokuwa kwenye mashine. Ulikuwa wa kijani. Nilikuwa nafuma sweta za shule moja ya hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wakati huo nilikuwa mjane kijana, nina watoto wawili, Mercy na Brian, na chumba cha mbele nilichokodi kwa bibi mmoja tuliyemwita Shosho Njeri nifanyie kazi yangu ya kufuma. Wewe unayenisoma leo, uliyeletewa maswali ya bima huku una kichwa kinachokusumbua, kaa kidogo. Nina jambo la kukuambia, na mimi sipendi kuharakishwa.

Tuanze na kichwa chenyewe. Watu wakisikia unaumwa na kichwa wanakwambia unywe maji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Changu kilianza nikiwa msichana, kule kwetu magharibi, na kilikuwa na desturi zake. Kwanza naona vimulimuli pembeni mwa jicho, vinapindapinda, kisha mistari ya sweta inaanza kucheza mbele yangu mpaka siwezi kuhesabu mishono. Baada ya hapo upande mmoja wa kichwa unagongwa kama bati la fundi wa jua kali. Natapika, najifungia gizani, na ukiongea karibu nami nakuchukia hata kama nimekuzaa mwenyewe. Kesho yake nimeamka mzima, nafuma tena. Jina la ugonjwa huo sikulijua. Nilichokuwa nacho ni hofu kwamba kuna uvimbe unaota humo ndani, na kwa sababu ya hofu hiyohiyo sikwenda hospitali. Usinicheke, kuna watu wengi wanaoogopa kupimwa kuliko kuugua.

Bima niliitaka kwa sababu moja tu. Baba Mercy alipofariki, matanga hayajaisha, shemeji zangu waliketi wakawagawa watoto. Mercy aende Kakamega kwa mkubwa wao, Brian aende Webuye kwa shangazi yake. Hawakuwa na roho mbaya, walikuwa wanapima nani ataweza mzigo gani. Niliwaambia watoto wangu wanabaki nami, wote wawili, nikapanda nao basi kurudi Nairobi. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoona vile vimulimuli, nilijiuliza: na mimi nikienda, hawa si watatenganishwa? Dada yangu anayekaa mtaa wa Shauri Moyo alikuwa amekubali kuwalea pamoja likitokea la kutokea, mradi kuwe na cha kuwalisha na cha kuwasomesha. Hicho ndicho nilichokitafuta kwa bima, watoto wangu wabaki chini ya paa moja.

Sasa sikia nilivyojifunga kamba mwenyewe. Mwaka ule kanisani kwetu kulikuwa na juma la maombi. Niliombewa, na kweli nikakaa miezi kadhaa kichwa hakijauma hata mara moja. Jumapili moja nikaitwa mbele nitoe ushuhuda. Unajua ushuhuda wetu wa huku Eastlands. Hakuna anayesimama mbele ya kanisa na kusema amepata nafuu kidogo. Nilisema nimeponywa kabisa, ugonjwa umerudi ulikotoka. Kinamama wakapiga vigelegele, na aliyepaza sauti ya Amina kuliko wote alikuwa Ndugu Musa, aliyekuwa akitupigia kinanda. Nilisema kwa moyo safi, maana hivyo ndivyo nilivyoamini. Baada ya wiki chache kichwa kikarudi, nami nikaanza kuugua kwa kujificha. Wateja wakikuta nimefunga, baadaye nawaambia nilikwenda soko la Gikomba kununua uzi. Kwa safari zile za Gikomba ningekuwa na uzi wa kuvisha shule zote za Umoja.

Ndugu Musa siku za wiki alikuwa wakala wa bima. Alikuwa mtu mwema, nakwambia mapema usije ukamchukia. Siku hiyo aliketi kwenye kiti cha wateja, akafungua mkoba wake.

"Mama Mercy, hii ni kitu ya dakika kidogo tu," akasema. "Mimi nauliza, wewe unajibu, unaweka sahihi, nakuacha na kazi yako."

Akauliza umri, sigara, pombe, presha, sukari. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Kisha akasoma swali kama nimewahi kuzimia, kuwa na kifafa, au kuumwa na kichwa mara kwa mara, na kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe.

"Hiyo ya kichwa hata sikuulizi. Bwana alimaliza hiyo maneno, sisi wote ni mashahidi. Naweka hapana."

Mlangoni, kwenye kigoda, alikuwa ameketi Shosho Njeri mwenye nyumba, akimenya minji, yaani njegere. Yeye alikuwa mama wa kanisa, mtu wa Murang'a, aliyezika mume na kujenga nyumba ile chumba kwa chumba. Aliinua uso akanitazama. Mikono iliendelea na minji, macho yakabaki kwangu.

"Ndugu Musa," nikasema, "hapo paache kwanza. Utapitia wiki hii tumalize."

"Aki Mama Mercy, sasa unaogopa kalamu?" Akacheka, akafunga mkoba, akaenda zake.

Alipotoka tu, Shosho akasukuma sufuria kando. "Wewe msichana, kuja hapa. Hicho kichwa kilipona lini? Juzi nimekusikia ukitapika huko kwa choo, mimi nikadhani umebeba mimba."

Nikamweleza yote. Nikisema ndiyo, nitaonekana nilidanganya mbele ya madhabahu, na tena kampuni itanikataa. Nikisema hapana, nani atajua?

"Hakuna atajua wewe ukiwa hai," akasema. "Na ukikufa? Hao watu watakuja kuuliza maswali, wewe utakuwa umelala huko chini huongei. Nani atawajibu? Ni Mercy na Brian. Unataka kuachia watoto uongo ndio wakumalizie?"

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi, wengine kwa kiboko, lakini sijawahi kukemewa hivyo. Mimi niliuona uongo ule kuwa wangu, wa kubeba mwenyewe na kufa nao. Sikuwa nimefikiri kwamba uongo wa bima hulala kimya muda wote unapolipa, ukaamka siku ambayo huwezi kujitetea. Ningekuwa nalipa kila mwezi kwa ajili ya watoto, na kwa neno moja ninaipa kampuni sababu ya kuwanyima. Nililia palepale kwenye mashine.

Shosho alilegeza sauti. "Na hiyo ya ushuhuda, tulia. Bwana alikupumzisha hiyo miezi, wewe ukasema asante. Hakuna dhambi hapo. Hata mimi niliombewa haya magoti, na unaniona vile nashuka ngazi nikiwa nimekaa kama mtoto."

Siku mbili hazijapita, vimulimuli vikaja, na kichwa nyuma yao. Safari hii sikusema nimekwenda Gikomba. Nilipoweza kusimama, Shosho akanishika mkono tukaenda kliniki polepole, yeye kwa sababu ya magoti na mimi kwa sababu ya jua. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinimulika machoni, akapima presha, akanitembeza kwenye mstari wa sakafu, akaniambia nisukume mikono yake. Aliuliza vinavyotangulia maumivu, yanakaa muda gani, nani mwingine kwetu ana kichwa kama hicho. Nikamkumbuka mama yangu, aliyekuwa akijifunga leso kichwani na kulala mchana, nasi tukidhani amekasirika. Akauliza pia kama natumia tembe za kupanga uzazi, kwa kuwa baadhi yake hazipatani na kichwa cha vimulimuli. Shosho akajibu kabla yangu: "Huyu ni mjane, daktari, na mimi ndio naishi naye mlango kwa mlango. Hatumii kitu."

Daktari akatabasamu, akasema, "Mama, hii ni kipandauso. Watu wengi sana wako nayo. Kwa vile nimekupima, sioni dalili yoyote ya uvimbe. Nitakupa dawa, utarudi nione kama inakusaidia."

Nilishusha pumzi mpaka akaniuliza kama nimezidiwa. Miaka yote nilikuwa nimejichimbia kaburi kichwani mwangu, kumbe ni kitu chenye jina, chenye dawa, na chenye wenzangu wengi. Tulipotoka nje nilimnunulia Shosho soda, naye akalalamika kwamba ni baridi mno kwa meno yake. Nilicheka njia nzima. Kichwa kilikuwa bado kinauma upande mmoja, nami sikujali.

Ndugu Musa aliporudi nilimwambia moja kwa moja. Kichwa kilirudi, kinaitwa kipandauso, na daktari wangu ni huyu. Aandike ndiyo. Akaizungusha kalamu.

"Sasa ushuhuda je?" akauliza.

"Ushuhuda nitautengeneza mwenyewe Jumapili. Wewe tengeneza bima."

"Sawa. Lakini sitakuficha, wanaweza kukuongezea bei, ama wakatae kabisa."

Nikamwambia wakatae wakipenda. Huo ulikuwa mdomo tu, mwanangu.

Jumapili nikasimama. Nikasema nilipumzishwa, kichwa kimerudi, nimepata daktari na nimeacha kuogopa. Amina zilikuwa chache, za adabu. Lakini baada ya ibada kinamama walianza kunijia mmojammoja, huyu ananivuta kando, yule ananishika mkoba, wote wakiuliza kliniki iko wapi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kanisa zima lilikuwa likiumwa na vichwa kimyakimya.

Kampuni ikataka ripoti ya daktari, nikapeleka. Kisha kimya. Subira huvuta heri, lakini wanaosema hivyo hawasemi inavyovuta na usingizi pia. Kila simu ilipolia niliruka. Siku Musa alipopiga nilikuwa nafunga mzigo wa sweta.

"Mama Mercy, wamekubali," akasema. "Na bei ni ile ya kila mtu. Hawajaongeza kitu."

Nilikaa juu ya mzigo wa sweta, nikacheka, nikalia, nikachanganya vyote viwili. Shosho akaja mbio kwa magoti yale akidhani ni msiba. Mercy akaingia kutoka shule akasimama mlangoni. "Mathe, kwani nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, na hata nikifa mimi, yeye na Brian hawataenda popote, watakaa pamoja. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, akauliza kama kuna chakula.

Ile bima nimemaliza kuilipa majuzi, muda wake umekwisha, nayo ilikuwa ya kulipa tu kama ningekufa kabla ya hapo. Shosho Njeri ametangulia, Mungu amrehemu. Kichwa bado huja mara mojamoja, nameza dawa yangu mapema na kufunga pazia. Mercy na Brian walikua katika nyumba moja, wakagombana juu ya bafu moja, na sasa kila mmoja anajitegemea. Shemeji yangu mmoja ananitania kwamba nimelipa miaka yote hiyo na sijapata hata ndururu. Namwambia kweli, na sijawahi kufurahia hasara kama hii.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kama kichwa kinakusumbua, nenda upimwe kabla hujaketi na mtu wa bima, ujue jina la kinachokuuma na dawa unayotumia. Unaweza kukuta jibu ni jepesi kuliko hofu yako. Ukiulizwa, jibu kweli, na usimwachie mtu akujibie, hata awe ndugu yako katika imani na anakupenda. Soma mwenyewe kabla ya kuweka sahihi. Wakikuongezea bei, uliza kwa nini. Wakikukataa, jaribu kampuni nyingine. Mlango mmoja kufungwa si mji mzima kufungwa. Na kama uliwahi kusema umepona, na ugonjwa ukarudi, hujamwaibisha Mungu. Mwambie daktari. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami naongeza kwamba katika bima, kilio hicho ni cha watoto wako.

Mungu akutulizie kichwa na akupe mtu wa kukukemea kwa wakati. Akuwezeshe kuilipa bima yako mpaka siku ya mwisho, na watoto wako wasiwe na sababu ya kuidai.