Kipande cha Zulia Huko Uskoti

Kwetu Isiolo tunacheza gofu juu ya mawe. Uwanja wetu uko nje ya mji, ng'ambo ya mtaa wa Kiwanjani: mashimo tisa katikati ya miiba na njia za mbuzi. Pale ambapo wengine wana majani laini kuzunguka shimo, sisi tuna duara la mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiupeperushe. Oili hiyo hutoka kwenye malori ya rafiki yetu, mfanyabiashara wa mtaa wa Bulla Pesa anayepeleka bidhaa Merti. Ndiye aliyetufundisha mchezo huu, mimi na mume wangu, tulipostaafu. Yeye aliujua kwa babu yake, askari wa zamani aliyewahi kumbebea afisa mmoja mfuko wa fimbo.

Kwa sababu ya mawe tuna desturi. Kila mchezaji hutembea na kipande cha zulia, upana wa viganja viwili, kilichokatwa kutoka sakafu ya lori kuukuu. Mpira ukitua unauokota, unauweka juu ya zulia, ndipo unapiga. Usipofanya hivyo utavunja fimbo, au mkono. Mwaka jana nilizunguka uwanja mara mbili, mashimo kumi na nane, kwa mapigo tisini na sita, na katika gofu mapigo machache ndiyo sifa. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kujiuliza yangekuwa mangapi bila zulia.

Kwa hiyo rafiki yetu aliposema twende watatu likizo Uskoti, tukacheze kwenye viwanja vya kando ya bahari, mimi nilikuwa na shabaha yangu. Nilitaka kadi moja ya mapigo iliyo chini ya mia, ambayo hata mimi mwenyewe nisingeitilia shaka.

Siku ya kwanza tulipewa mzee wa kutubebea mifuko na kutuonyesha njia. Kabla hatujaanza, rafiki yetu aliswali adhuhuri nyuma ya kibanda, na yule mzee akamsubiri kwa adabu. Tukaingia uwanjani. Mpira wangu wa kwanza ulitua kwenye nyasi fupi, pazuri kabisa, lakini mkono ulishazoea. Nilichomoa zulia langu mfukoni, nikainama na kulitandika.

Yule mzee alivua kofia. Akanigeuzia mgongo, akasimama wima akiangalia bahari. Nilidhani ameona meli. Niliweka mpira juu ya zulia nikapiga, na aliposikia mlio wa fimbo akageuka haraka kama mtu aliyeibiwa.

Rafiki yetu alikuwa ameketi chini kwa kicheko. "Shemeji," akasema, "mzee wa watu alikuwa anakupisha uswali."

Mzee alipoelewa alicheka kidogo, kisha akarudi kwenye kazi yake. Alitueleza kwamba kwao mpira hupigwa pale ulipolala, na kwamba niongeze mapigo mawili ya adhabu. Mume wangu alisema kwa Kiswahili tuendelee na mazulia yetu tu, sisi ni wageni, nani atatuuliza.

"Tumekuja likizo, mama, si mtihani," akasema.

"Wewe uko likizo," nikamjibu. Zulia nikalitia chini kabisa ya mfuko. Siku hiyo nilimaliza kwa mia moja na kumi na saba.

Kesho yake wanaume walikwenda kuangalia ngome ya kale. Nilimwambia mume wangu aniletee picha. Nilibaki na yule mzee asubuhi nzima, nikipiga mipira kutoka kwenye vishimo, kwenye nyasi ndefu, kwenye mchanga. Aligundua jambo ambalo sikulijua: mpira wangu huenda chini chini, nusu ya njia ukibingirika. Nilimwambia ni kwa sababu kwetu ardhi ni ngumu na upepo hauishi. Akasema hapa pia ni hivyo hivyo, kwa hiyo niache kuiga vijana wanaourusha juu. Alasiri tulicheza sote. Nikapata mia moja na sita.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Rafiki yetu alishika kadi yangu, na kila shimo tulihesabu wawili kwa sauti. Tuliposimama kwenye shimo la kumi na nane nilikuwa nimetumia mapigo tisini na manne. Nikapiga la kwanza, likaenda sawa. Tulipoufikia mpira tulikuta umezama ndani ya kishimo alichochimba mchezaji mwingine kwa fimbo yake.

Mume wangu alisogea karibu. "Usukume kwa kiatu kidogo tu. Mimi nitaangalia bahari kama yule mzee."

"Angalia," nikasema, "lakini usinisemeshe."

Nilichukua fimbo fupi ya chuma nikaupiga ulipolala. Uliruka kama panzi, ukapita chini ya upepo na kubingirika, ukaishia hatua thelathini kabla ya shimo. Tisini na sita. Nikausukuma kwa fimbo ile ile, ukapanda kwenye majani laini lakini mbali na shimo. Tisini na saba. Pigo lililofuata lilipungua hatua moja na nusu. Nilipangusa viganja kwenye sketi, nikaupiga polepole, ukazunguka ukingo wa shimo na kudumbukia.

Rafiki yetu alijumlisha kadi mara mbili, mara ya pili kwa Kiborana, lugha ya kwao, akinong'ona.

"Tisini na tisa, shemeji," akasema. "Hii hata mahakamani inasimama."

Mume wangu, nilipomuuliza mapigo yake, alisema aliacha kuhesabu tangu shimo la kumi na moja. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilikinga kadi kwa mwili wangu, nikatia sahihi, herufi zote za jina langu.