Dinghy ya mukau kutoka Migwani

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii ni stori yangu mwenyewe, sijatia chumvi, na mahali nilifanya ujinga nitasema.

Nilikuwa deckhand, yaani kibarua wa kamba na nanga, kwa yacht moja pale Kilifi. Ndiyo, Mkamba wa bara kavu, wa Migwani, baharini, chekeni mmalize. Tulikuwa wawili tu, mimi na Kapteni, mama mmoja mstaafu asiyependa mzaha.

Kama hujui, yacht haifiki mchangani. Lazima ubebe dinghy, kile kiboti kidogo cha kukutoa kwa nanga hadi ufuoni. Yetu ya mpira ilikuwa imezibwa viraka mpaka imechoka. Kapteni akataka nyingine ya mpira. Mimi na kiherehere changu nikamwambia babangu ni fundi, ataunda ya mbao.

Mzee alikuwa akiunda mikokoteni ya punda. Bahari hakuwahi kuiona.

Nikampa vipimo kwa simu: urefu, upana, kina. Uzito sikutaja. Sasa kwa fundi wa mikokoteni, kitu cha kubeba watu lazima kistahimili mawe ya mto mkavu. Akaunda kwa mukau, ule mti mgumu wa kwetu Ukambani, mbao nene, na boriti ya mkokoteni chini.

Iliteremshwa Kilifi na wanaume sita. Wakuu, ilikuwa nzuri! Ilinukia nyumbani.

Lakini watu wawili kuiinua hadi deck? Thubutu. Tukaining'iniza nyuma, yacht ikainama. Ikabaki kuvutwa kwa kamba.

Siku moja tukielekea Lamu, mawimbi yakairusha, ikagonga usukani mara mbili. Kapteni akanipa kisu.

"Ikate."

"Kapteni, hii ni ya babangu. Tafadhali."

Akachukua kisu chake, akageuza yacht tukarudi. Safari yote ikafa kwa sababu yangu. Akanunua ya mpira: unaitoa upepo, unaikunja, mtu mmoja anaibeba.

Ile ya mukau nikaipakia kwa lori iliyokuwa imeleta maembe ya Makueni, ikarudi nayo hadi mji wa Wote, kisha pickup hadi kwetu. Niliogopa mzee ataona aibu. Wapi! Iliposhushwa katikati ya boma, aliingia ndani, akakaa, akashika makasia.

"Wewe, sasa nikikaa hivi, hiyo bahari iko wapi?"

Nikamwonyesha upande wa Mutomo, kusini, kunakoelekea pwani. Akatoka, akaita majirani waigeuze ielekee huko, ndipo akakaa tena.

Nikamwahidi December nitampeleka akaione. December hiyo nilikuwa kazini. Iliyofuata pia. Mwaka jana tukamzika.

Siku hizi mbuzi wanakunywa maji humo. Haivuji hata tone. Na bado imeangalia Mutomo, hakuna mtu ameigeuza.

Nilichojifunza: dinghy ipime kwa mikono itakayoiinua. Na mzee akikuundia kitu cha baharini, mpeleke baharini. Mimi sikumpeleka, na inaniuma mpaka leo.

Wenye yacht, zenu mnabeba wapi, juu au nyuma? Lakini kama mzee wako bado yuko, usinijibu kwanza. Mpigie.